Siku za mbalamwezi nilipoacha sigara

Nilivuta sigara kwa miaka 22. Nilianza nikiwa na miaka 17 katika kambi ya wavuvi wa dagaa kisiwani Ukerewe, ambako tulilala mchana na kukesha majini, na mzee aliyekuwa akituongoza alinipa kipisi chake usiku mmoja ili nisisinzie karibu na taa. Baadaye nilihamia Mwanza na kuanza kununua dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni, Kirumba. Kufikia wakati huo nilikuwa namaliza pakti moja kwa siku, yaani sigara 20, na ile ya kwanza niliiwasha kabla sijanawa uso.

Naandika haya kwa sababu wengi ninaozungumza nao huamini kwamba anayeshindwa kuacha sigara amekosa nia. Mimi sikuwahi kukosa nia. Niliacha mara nne kabla ya mara hii ya mwisho, mojawapo wakati wa Kwaresima, nikiwa nimeweka nadhiri kwa moyo wangu wote, na mara zote nne nilirudi ndani ya siku tatu au nne. Katika zahanati moja nilikokwenda na kikohozi niliambiwa niache sigara, nikapewa dawa ya maji, na hakuna aliyeniuliza navuta ngapi wala navuta wakati gani. Nilitoka nimeumia, kwa kuwa neno "acha" nilikuwa nalo tayari. Nilichokuwa natafuta ni namna ya kuacha.

Namna hiyo nilionyeshwa na jirani yetu wa Mabatini, mama mmoja muuguzi mstaafu. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwanangu, ukiamka unakaa muda gani kabla ya kuwasha?" Nilimjibu kwamba hazipiti dakika 5. Akanieleza kwamba watabibu hulitumia swali hilo kupima ukubwa wa utegemezi, na kwamba jibu langu lilikuwa la mtu ambaye mwili wake umeshikwa sana. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayoushika mwili, alisema, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvuta, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imekwisha kuondoka katika damu, ndipo mwili unapoanza kudai tena. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali kuliko zote. Hapo nikaelewa kwa nini majaribio yangu yote yalifia mahali pamoja. Lakini jambo lililonisaidia kuliko yote lilikuwa hili: hamu yenyewe ikija haikai. Hupanda, hukaza kwa dakika 5 au 10, kisha hushuka hata usipovuta. Kwa hiyo sikutakiwa kushindana na miaka 22 kwa siku moja. Nilitakiwa kupata cha kufanya kwa dakika 10, kisha dakika 10 nyingine.

Siku ya kuanza niliichagua kwa kalenda ya ziwa. Anayeijua biashara ya dagaa anafahamu kwamba taa za wavuvi huvuta samaki gizani, na mwezi unapokuwa mpevu taa hizo hupoteza nguvu, hivyo mitumbwi mingi hupumzika na Mwaloni hupoa. Zile ndizo siku ambazo sina sababu ya kuamka saa tisa usiku, sina mvutano wa bei, wala sijazungukwa na wenzangu walioshika sigara huku wakisubiri mitumbwi. Niliamua kwamba siku zangu tatu kali ziangukie hapo. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza mke wangu alifua makoti yangu yote mawili, kwa sababu harufu iliyomo kwenye nguo nayo huita.

Kuhusu dawa za asili nataka niseme kwa uangalifu, maana mjini kuna watu wanaouza unga na vinywaji kwa madai kwamba "vinasafisha nikotini" kwa siku moja. Mwili huiondoa nikotini wenyewe ndani ya siku chache. Kinachobaki ni mazoea na ubongo unaojifunza upya. Tangawizi haikuniponya, lakini ilinijazia zile dakika 10. Kila asubuhi mke wangu alinimenyea kipande, akakikata vipande vyembamba vya ukubwa wa punje ya hindi, na mimi nikavitia pamoja na karafuu tatu nne ndani ya kasha tupu la kiberiti. Kasha hilo lilikaa mfuko uleule wa shati. Mkono ulipokwenda mfukoni kwa mazoea, ulikuta kitu unachokijua. Nilikisukuma kidroo chake kwa kidole gumba kama nilivyofanya maelfu ya mara, nikatoa kipande, nikakiweka chini ya ulimi, na ukali wake ukanishughulisha mpaka hamu ikashuka. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kutumia miwa au karoti, maana kazi ni ileile ya kuupa mkono na mdomo shughuli. Asihamie kwenye ugoro, kwa kuwa nao ni tumbaku ileile yenye nikotini na huleta saratani ya mdomo. Chingamu na plasta za nikotini nazo ni dawa halali ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Kama maduka ya dawa ya karibu nami yangekuwa nazo, ningezitumia bila kusita.

Kahawa ilinishangaza. Nilizoea vikombe vitano vya kahawa chungu kijiweni, na katika wiki ya kwanza nilikuwa natetemeka mikono na kukosa usingizi nikidhani ni sigara pekee. Kumbe moshi wa sigara huufanya mwili umalize kafeini haraka, na ukiacha kuvuta, kahawa ileile hukaa ndani muda mrefu zaidi. Dada anayetuuzia kahawa alikubali kunimiminia vikombe viwili tu kwa siku, na alipoona nimeegemea upande wa wavutaji aliniita kwa sauti nikae karibu na jiko lake. Msaada wa namna hii ulinifaa kuliko mawaidha.

Siku ya kumi kikohozi kiliongezeka, na mwenzangu mmoja akanishauri nirudie sigara kwa kuwa, kwa maoni yake, ndiyo iliyokuwa ikinituliza kifua. Nilimuuliza yule mama muuguzi. Akaniambia kwamba vinyweleo vidogo vya njia ya hewa, vilivyokuwa vimelemazwa na moshi, vinaanza tena kusukuma makohozi nje. Kikohozi kilipungua baada ya wiki chache.

Siku ya 19 tulikuwa na msiba. Usiku, chini ya turubai, wanaume tulikaa kuzunguka moto, pakti ikapita mkono kwa mkono, nami nikavuta mara mbili. Nilitoka nje nikiwa na uchungu wa kuchanganya msiba na kushindwa, nikampigia shemeji yangu wa Sengerema, ambaye aliacha miaka mingi kabla yangu na alikuwa akinipigia kila jioni. Hakunigombeza. Aliuliza, "Sigara nzima?" Nikasema hapana. "Basi shemeji, usinunue pakti. Kesho ni siku ya 20." Nilirudi kukaa upande wa wanawake waliokuwa wakipika, nikasaidia kupasua kuni mpaka alfajiri.

Sasa ni mwaka mmoja na miezi miwili. Yule mama amenieleza kwamba hatari ya ugonjwa wa moyo hupungua karibu nusu baada ya mwaka mmoja wa kuacha, lakini mimi huisikia tofauti zaidi katika ngazi za mawe za kupandia nyumbani kwetu, ambazo zamani nilizipanda kwa kupumzika mara tatu. Vijana wawili wanaobeba magunia Mwaloni wameniomba wanifuate. Mwezi utakuwa mpevu wiki ijayo. Nimewatafutia makasha mawili ya kiberiti, na mke wangu amekwisha kununua tangawizi.