Siku moja na kitako cha Mauser: kutafuta mbao ya mninga Tabora

Saa 1:00 asubuhi

Karakana yetu iko Tabora mjini, si mbali na stesheni ya reli. Mwenye leseni ya ufundi silaha ni fundi mkuu. Mimi ni seremala wake, kazi yangu ni mbao tu. Siigusi bunduki mpaka yeye afungue kabati la chuma, atoe bolti, yaani komeo la chuma linalofunga risasi, atazame chemba risasi inapokaa, apitishe kidole, kisha anipe nami nitazame kwa macho yangu. Tunafanya hivyo kila asubuhi, hata kama bunduki ni ile ile tuliyoifungia jana jioni na hakuna aliyeingia.

Ya leo ni Mauser 98 ya kiwindaji, kaliba 9.3x62, yaani risasi ya milimita 9.3 yenye ganda la urefu wa milimita 62. Mwenyewe ni mzee wa Sikonge, mfugaji nyuki, anaimiliki kwa leseni na kabla yake ilikuwa ya baba yake. Kitako kimepasuka shingoni, pale mkono wa kulia unaposhika, na mtu amekifunga waya wa shaba na juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli. Kazi niliyopewa ni kumtafutia kitako kingine, yaani mbao yote kuanzia begani hadi chini ya mtutu.

Naipenda kaliba hii kwa sababu ina historia na nchi hizi. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitengeneza mwaka 1905 kwa kipimo ambacho kingeingia kwenye mtambo (chuma kinachobeba bolti) wa kawaida wa Mauser wa 1898, ili Wajerumani waliokuwa kwenye makoloni ya Afrika wapate bunduki ya wanyama wakubwa bila kulipia mtambo wa bei mbaya. Tabora ilikuwa chini ya Wajerumani mpaka Septemba 1916, Wabelgiji walipoingia. Bunduki za aina hii zimezeekea hapa, na mbao zake zinachoka kabla ya chuma.

Saa 2:00

Kwangu hii ndiyo saa muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka. Kitako kikipasuka wanakimbilia kutafuta kingine, hawaulizi cha kwanza kilipasukia nini. Sababu ikibaki ndani, kipya nacho kitapasuka palepale.

Mtambo wa Mauser 98 unashikwa na skrubu mbili kutoka chini. Ya mbele imetoka vizuri. Ya nyuma imetoka na unga wa mbao umeganda kwenye meno yake, nikaelewa. Skrubu hiyo inatakiwa ipite ndani ya bushi, kijibomba cha chuma kinachokaa ndani ya mbao. Urefu wa bushi ni ule ule wa nafasi kati ya mkia wa mtambo juu na chuma cha triga chini. Ukikaza skrubu, chuma kinakutana na chuma na mbao haibanwi. Hapa bushi haipo. Aliyewahi kuifungua bunduki hii zamani hakuirudisha. Kila skrubu ilipolegea mwenyewe alikaza, mbao ikazidi kusagika, mtambo ukazama, ukaanza kucheza.

Nikageuza kitako niangalie mbele ya magazini. Chini ya mtambo wa Mauser kuna jino la chuma, na hilo ndilo linalobeba teke la bunduki: linasukuma ukuta wa mbao ulio nyuma yake. Ukuta huo ulikuwa umebonyea, umekuwa mweusi, laini kiasi kwamba ukucha unaingia. Jino lilipokosa pa kuegemea, mtambo mzima ulirudi nyuma kila risasi ilipolia, na mkia wake ukaingia shingoni kama kabari kwenye kuni. Ufa unaanzia nyuma ya mkia kabisa.

Weusi ule ni mafuta. Ukipaka mafuta mengi kisha ukasimamisha bunduki mtutu juu, yanashuka polepole kupitia mtambo na kunywewa na mbao palepale panapohitaji nguvu. Nawasihi wenye bunduki za zamani: futeni mafuta yaliyozidi, na baada ya kupaka isimamisheni kwanza mtutu chini juu ya kitambaa.

Niliwaza kuunganisha. Fundi mkuu akabonyeza mbao kwa ncha ya patasi, akatikisa kichwa. Gundi haishiki mbao iliyolowa mafuta kiasi hiki, na ufa umepita katikati ya tundu la skrubu.

Saa 4:00

Mzee amefika kwa basi. Tumesalimiana, “Shikamoo baba,” “Marahaba mwanangu,” akakaa, akatoa simu. Kijana wake wa Dar es Salaam amemtumia picha ya kitako kilicho tayari, kinauzwa Marekani, kimeandikwa ni cha Mauser 98.

“Si hiki hapa? Tukiagiza si basi?”

Nimeweka chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukaongea vizuri, kwa sababu swali lake ni la haki. Mauser 98 ni nyingi. Ile ya Yugoslavia, M48, ina mtambo mfupi kuliko wa kawaida kwa kama milimita 6, hivyo kitako cha moja hakikubali nyingine. Mtutu wa kijeshi wa Kijerumani una vidato, huu wa kwake ni mwembamba na umenyooka, umebeba kikalio cha shabaha ya nyuma. Mfereji wa mbao uliochimbwa kwa mmoja utaacha mapengo kwa mwingine, au usiingie kabisa.

Na kuna la shavu. Vitako vingi vya siku hizi vimeinuliwa mgongo kwa ajili ya darubini. Mzee anatumia shabaha za chuma zilizo chini karibu na mtutu. Akiweka shavu kwenye mgongo ulioinuka, jicho litakuwa juu ya shabaha. Atalazimika kukandamiza uso, na 9.3 itampiga taya.

“Basi pima,” akasema.

Nikafunga kile kitako kilichopasuka kwa kamba, fundi mkuu akakagua chemba tena. Nikamwomba mzee afumbe macho, ailete begani kama anavyoizoea, kisha afumbue. Jicho lilikuwa kwenye mstari wa shabaha bila kutafuta. Kwa hiyo mgongo wa zamani unabaki kama ulivyo. Ila kisigino cha kitako, mwisho wake wa nyuma, kilimshika kwapani wakati anaipandisha. Mwili umesinyaa tangu ujana wake, na ni kawaida. Kutoka triga hadi begani tutapunguza sentimita moja na nusu. Nimeandika, akatia saini, akaenda sokoni kabla ya basi la kurudi.

Saa 6:30 mchana

Ugali na kisamvu, haraka.

Saa 7:00

Bunduki imerudi kabatini. Nimebeba kiolezo cha plaiwudi nilichochora kwa kufuata kitako cha zamani, nikapanda bodaboda kwenda kwa wauza mbao.

Hapa Tabora hakuna haja ya kuhangaika na mti wa jozi wa Ulaya ambao Mauser ilizaliwa nao. Tuna mninga. Ukiwa mkavu una uzito wa kama kilo 600 hadi 650 kwa mita moja ya ujazo, karibu sawa na jozi, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka hautembei: haunywei ovyo kiangazi wala haufuri masika. Kwa kitako hilo ni kila kitu, kwa sababu mbao ikijikunja inasukuma mtutu na risasi inahama. Mpingo ni mzuri lakini unapita kilo 1,200. Bunduki ya mpingo utaibeba siku moja tu. Nautumia kwa kipande kidogo cha ncha ya mbele.

Duka la kwanza walikuwa na mninga mbichi. Unanukia vizuri, na ndio ubaya wenyewe. La pili hakukuwa na alama ya nyundo ya misitu kwenye mbao wala karatasi ya usafirishaji. Nikashukuru, nikatoka. Mninga unakua taratibu sana, na mimi ninayeishi kwa mti huu sina sababu ya kununua uliokatwa kwa wizi.

La tatu ni la mzee mmoja, nimemkuta kivulini. “Mwangaluka, fundi,” akanitania kwa salamu ya asubuhi, maana jua lilikuwa limeshapinduka. Nyuma ya stoo yake kulikuwa na mbao nene za inchi mbili na nusu, zimepangwa na vijiti katikati, vumbi juu yake limekuwa tabaka. Unene ule haupatikani kirahisi; wengi hupasua inchi moja au mbili kwa ajili ya vitanda na milango.

Tumezitoa zote. Mimi sitazami urembo kwanza, natazama nyuzi. Shingoni mwa kitako ndipo pembamba, na nyuzi zinatakiwa zipite pale kwa urefu, zifuate mteremko wa shingo kwenda kisiginoni. Zikikata shingo kwa mshazari, itavunjika tu, hata mbao iwe na rangi ya dhahabu. Mninga una tabia ya nyuzi kupishana, uso unaweza kukudanganya. Ndiyo maana nimeomba ruhusa, nikachanja kipande cha pembeni kwa panga. Mpasuko haudanganyi, unafuata nyuzi zenyewe. Mbao mbili zilipasuka kwa kupinda. Ya tatu ilifunguka ikiwa imenyooka, yenye michirizi ya kahawia iliyoiva. Nikaweka kiolezo juu yake, nikakizungusha kidogo mpaka shingo ikalala kwenye nyuzi, nikachora kwa chaki.

Tumebishana bei. Amenipa, na ameniandikia risiti.

Saa 10:00 jioni

Nimepima mbao kwa mizani, nikaandika uzito na tarehe kwenye ncha yake. Hata iwe imekaa stoo muda gani, itakaa kwetu kivulini na nitaipima kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ndipo msumeno unaingia.

Muda uliobaki nimeendelea na kitako kingine, cha BRNO ZKK 600, bunduki ya kuwindia ya Kicheki, ambacho kimefika hatua ya kulaza mtambo. Masizi ya koroboi nayachanganya na tone la mafuta, nayapaka chini ya chuma kwa brashi, nalaza mtambo kwenye mbao, nagonga kidogo, nainua. Palipogusa panabaki alama nyeusi. Nachukua patasi iliyonolewa mpaka inanyoa nywele za mkono, nakwangua weusi ule tu, unyoya mwembamba wa mbao. Napaka tena, nalaza tena. Jino la teke linatakiwa liguse ukuta wake sehemu yote, si kona moja. Nyuma ya mkia, kinyume chake, naacha mwanya wa nusu milimita ili chuma kisisukume shingo kamwe. Kitambaa nimefunga puani muda wote, maana vumbi la mninga linaniwasha kifua.

Upande wa pili fundi mkuu anachonga bushi mpya ya Mauser kwenye leithi. Ameipima, akaipunguza kidogo, akaipima tena.

Saa 12:00 jioni

Bunduki zimehesabiwa, daftari limesainiwa, kabati limefungwa. Nimempigia mzee wa Sikonge kumwambia mbao imepatikana na kwamba tutasubiri itulie.

“Nguruwe wa shambani hawasubiri mizani yako, mwanangu,” akasema.

Nikamweleza habari ya bushi, ya mafuta, ya jino lililokosa ukuta. Alinyamaza, kisha akauliza kama kile kibao cha chuma cha kisiginoni kitarudishwa kwenye kitako kipya. Kitarudi, nikamwambia, na skrubu zake zile zile.