Tosta ya Shilingi 2,500

Julai ya 2019 ilikuwa na baridi kali Nakuru. Mji (jiji tuliitwa baadaye, Desemba 2021) uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kule kwetu Free Area asubuhi unaamka unajifunga leso juu ya sweta. Mkate uliolala na baridi hiyo havipatani. Nilipoona tosta ya slesi mbili inang'aa kwenye duka moja mjini, nikalipa shilingi 2,500 na kwenda nayo nyumbani.

Matundu yake yalikuwa mafupi kuliko mkate wetu. Slesi ya mkate wa kawaida wa gramu 400 ilizama hadi mabegani tu, kichwa kikabaki nje kinapunga hewa. Chini hudhurungi, juu nyeupe pe. Ukiigeuza ili uchome upande uliobaki, katikati panapata moto mara mbili na kuwa mkaa. Nani aliyechora kitu hiki bila kwanza kukinunulia mkate?

Halafu kulikuwa na kile kitufe cha kuzungusha, namba 1 hadi 7. Slesi za kwanza kwenye namba 3 zilitoka na uvuguvugu tu. Za pili, namba ileile, zikajaza jikoni moshi. Waya wa umeme ulikuwa mfupi hivi kwamba tosta ilikaa juu ya stuli, karibu na sinki, mahali ambapo mtu mwenye akili haweki kitu cha volti 240. Na mkono wa kunyanyulia haukufikisha slesi ndogo juu. Siku moja nilimkuta Baraka akiichokoa na uma, plagi bado iko kwenye soketi. Nilipiga ukelele ambao majirani waliusikia.

Mume wangu yeye alilalamikia tokeni. Hapo nilimtetea mwizi: tosta ya wati 750 ikiwaka dakika nne inakula sehemu ya ishirini ya yuniti moja. Umeme haukuwa tatizo letu.

Jumapili moja wifi yangu akaja kutoka Kitale. Nikamwandalia chai ya maziwa, mayai na mkate. Akaishika slesi, akaigeuza, akaigeuza tena. "Wifi," akasema kwa upole uliozidi, "huu upande mweupe ndio wa wageni?" Kesho yake nikaifunga tosta kwenye mfuko na kuipeleka Bondeni kwa fundi wa redio.

Skrubu zake zilikuwa na vichwa vya pembetatu. Fundi hakuwa na bisibisi ya namna hiyo, na nadhani hilo ndilo lililokusudiwa. Alichukua bisibisi ya zamani, akaisugua kwa tupa taratibu huku tukizungumzia bei ya unga, mpaka ncha ikaingia. Mfuniko ulipotoka, makombo yakamwagika mezani. Trei ya makombo ilikuwa nyembamba kuliko matundu, kwa hiyo mengi yalikuwa yakianguka kando yake na kuungulia humo ndani.

Akanionyesha nyaya za nikromu zilizozungushwa kwenye vibamba vya maika: hazikufika juu, ziliishia pale mkate ulipoanza kuwa mweupe. Akanionyesha sumaku ndogo ya umeme inayoushika mkono ukishabonyezwa, ndiyo maana stima ikipotea mkono haukubali kukaa chini. Kisha akagusa kibao kidogo cha sakiti chenye kapasita.

"Hii inahesabu muda tu, Mama Baraka. Joto haijui. Ukiweka mkate mara ya pili tosta tayari ina moto, na yenyewe inahesabu vilevile."

"Sasa utabadilisha nini?"

"Nibadilishe nini? Hakuna kilichoharibika. Ilitoka kiwandani hivi."

Nilikuwa nimejiandaa kulipia spea. Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Nikamuuliza kama anaweza kuinunua, hata kwa zile nyaya. Nikaanza na mia tano, akaanza na mia moja, tukakutana mia tatu. Ile bisibisi ya pembetatu hakuirudisha kwenye kopo pamoja na nyingine. Aliitundika kwenye msumari karibu na mkono wake, akasema za namna hiyo wataleta nyingi.