Mwarobaini wangu hauingii kikombeni

Uani kwetu Tanga kuna mwarobaini mmoja, na mtaa mzima una haki nao. Mwenye homa, mwenye upele, mwenye kisukari, wote wanakuja kukata matawi. Asili yake ni Bara Hindi, ila hapa pwani hakuna anayeuona mgeni.

Mwanangu alipopata tetekuwanga, mama mkwe aliniambia, "Chemsha majani, mwanangu, umwogeshe, na kikombe kimoja anywe." La kuogesha nilifanya jioni ileile. Majani mabichi sufuria tele, nikayaacha yachemke mpaka maji yakawa ya kijani, yakapoa, nikawa nammwagia taratibu bila kumsugua. Mwasho ukatulia, akalala. La kunywa nilimwomba Mama aniwie radhi. Madaktari wa India na Malaysia wameandika habari za watoto wadogo waliopewa mafuta ya mwarobaini wakatapika, wakaingia degedege na ini likaharibika. Mjamzito naye asiunywe. Na malaria mtu akapime, dawa mseto ipo.

Kazi niliyoupendea mti huu iko bustanini. Viwavi na wadudu mafuta walikuwa wanakula mchicha na bamia kabla yetu. Sasa naokota matunda yaliyoiva, namenya nyama yake, naanika mbegu kivulini. Zenye ukungu natupa. Nikitaka dawa, nabangua, natwanga viini kwenye kinu, gramu 50 kwa lita moja ya maji, nalaza usiku kucha. Asubuhi nachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, maana makapi yakibaki yanaziba bomba. Natia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Inanuka kama kitunguu saumu kilichooza, majirani wameshazoea.

Napuliza jua likizama, kwa sababu mwanga wa jua unaiua nguvu haraka. Asubuhi usitarajie maiti. Kiini cha mwarobaini kina kemikali iitwayo azadirachtin, inayomfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba ili akue. Kiwavi utamkuta yupo yupo tu, hali, mpaka anaisha. Wengi wanaona hivyo wanasema dawa haifai, wanarudi dukani.

Wakulima wa India waliyajua haya zamani. Mwaka 1994 Ulaya ilitoa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya dawa ya ukungu ya mafuta ya mwarobaini kwa kampuni ya W.R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Wahindi wakapinga, ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa 2005. Nami naona ilistahili kufutwa.

Mvua ikinyesha narudia kupuliza. Mboga nazikosha kwa maji mengi kabla ya kupika; ule uchungu ukibaki hata kidogo, sufuria nzima hailiki.