Homa Ilipoondoka, Vipele Vikaja

Mwanangu wa kwanza alikuwa anakaribia mwaka mmoja, tukiishi Tanga, aliposhikwa na homa kali. Hakuharisha wala kukohoa. Kipimajoto kilisoma 39.8, lakini parasetamoli ikishafanya kazi alitambaa na kucheza kama hana kitu. Hilo ndilo lililonichanganya.

Kwetu homa ya mtoto haisubiriwi, maana malaria haina subira. Zahanati walimtoboa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha hana malaria. Mkojo ukawa safi. Daktari akamchungulia koo na masikio, akampapasa utosi, na hakuandika antibayotiki yoyote. "Inaelekea ni virusi, mama. Mnyonyeshe sana, parasetamoli mpe kulingana na uzito wake. Akipata degedege, akikataa kunyonya au akilegea, mlete hata usiku wa manane."

Nilirudi nyumbani na hilo neno degedege kifuani. Usiku nilikuwa namshika paji la uso, namsikiliza anavyopumua, nalala kidogo, naamka tena.

Kisha homa ikakatika ghafla. Nikamshukuru Mungu, nikamvua nguo nimwogeshe, na hapo nikaona vipele vidogo vyekundu vimejaa kifuani, tumboni na mgongoni. Jioni vilikuwa vimepanda shingoni. Mama mkwe akasema, "Surua hiyo, mwanangu. Usimtie maji." Sikumbishia. Yeye amezika watoto wa ndugu zake kwa surua, na hofu yake ilikuwa na makaburi nyuma yake.

Tukarudi kwa daktari, naye akauliza kwanza, "Homa bado ipo?" Nikamwambia imeisha. Akatueleza taratibu, akimtazama zaidi mama mkwe: vipele vya surua hutoka homa ikiwa bado kali, huanzia usoni na nyuma ya masikio, na mtoto huwa na kikohozi, mafua na macho mekundu. Huyu homa imemwacha kwanza, vipele vimeanzia kiwiliwili, na havimwashi. Akafungua kadi ya kliniki, akatuonyesha chanjo ya surua na rubela ya miezi 9. "Hii ni roseola. Watoto wengi huipata kabla ya kufika miaka 2."

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Japani ndio waliogundua, mwaka 1988, kuwa inasababishwa na kirusi cha herpesi aina ya 6. Mama mkwe alikuwa ameshalea wanawe wote kufikia hapo. Nani angemweleza?

"Kwa hiyo naweza kumwogesha?" akamuuliza daktari.

"Mwogeshe, bibi."

Maji ya uvuguvugu aliyaandaa mwenyewe. Vipele vilififia upesi bila kuacha alama, na ilipofika chanjo ya pili ya surua, ya miezi 18, yeye ndiye aliyenikumbusha tarehe.