Maji ya kwanza anamwaga

Usiku wa nne huu, sauti ya Bibi haijanitoka. Mkataba umeongezwa mwaka mmoja, semina imekwisha salama. Linalonikaa rohoni ni simu ya Jumapili, nilipompigia huko Muheza kumpa habari njema ya dawa yake.

Ule mzizi wake wa dawa, wa kichaka cha mwingajini, tuliukausha kivulini, tukausaga, tukauloweka kwenye ethanoli, yaani spiriti, tukachuja. Kisha, kupima sumu, tukawatia artemia, wale viumbe wadogo wa maji chumvi, jamii ya kamba: kumi kila kichupa, na baada ya saa 24 unahesabu walio hai. Dawa ikiua nusu yao chini ya mikrogramu 1000 kwa mililita, tunaihesabu ina sumu. Hata kwenye kichupa kikali kuliko vyote, wengi walikuwa bado wanaogelea. Nikatoka nje kumpigia.

"Shikamoo Bibi. Dawa yako imepita!"

"Marahaba. Mmeichemsha mpaka ikawaje?"

"Hatukuichemsha, Bibi. Tumeiloweka kwenye spiriti."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.

"Basi hiyo siyo dawa yangu, mjukuu wangu."

Iliniuma. Siku mbili nikawa namjibu kichwani, kwenye daladala, jikoni, kitandani. Basi hiyo siyo dawa yangu. Jana, nikiosha vichupa, nikaacha kumjibu. Spiriti na maji havitoi vitu vilevile kwenye mzizi. Na saa 24 za artemia hazisemi kitu juu ya mama anayekunywa kikombe asubuhi na jioni mwezi mzima. Hata panya, wakishapewa dozi moja ya miligramu 2000 kwa kilo, huangaliwa siku 14. Mbegu za mwingajini huohuo zimewahi kuua watoto India. Nami nimemwambia mtu "imepita".

Nikampigia tena, kalamu mkononi. Maji ya kwanza yakichemka, anamwaga. Anatia mengine, moto mdogo, mpaka yabaki nusu. "Na mwenye mimba simpi kabisa." Hilo la mimba hakuwahi kuniambia, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza.

Jumatatu naanza upya, na sufuria. Yale maji ya kwanza sitayamwaga. Nataka kuyapima pia, nijue miaka yote hii Bibi amekuwa akimwaga nini.