Siku moja gerejini Msamvu, Morogoro: dawa ya rejeta na magari yanayochemsha

Saa 12:15 asubuhi

Ukitaka kujua kwa nini gari linachemsha, anza nalo likiwa la baridi. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto: maji yaliyobanwa mle ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, ukilegeza mfuniko tu yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Ndiyo maana wateja wenye tatizo hili nawaambia walaze gari hapa gerejini au walilete alfajiri.

Kijana wangu keshafagia, keshapanga ndoo zenye vifuniko. Kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, ikimwagwa haikai wazi hapa. Ina utamu, mbwa anailamba, mtoto anaionja, na ni sumu inayoua figo.

Saa 1:00 asubuhi

Wa kwanza ni mzee wa Kihonda na Corolla 110 yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Dawa nimekuja nayo, wewe nimiminie tu niwahi."

Mkononi ana chupa ya pili ya ile dawa ya kupunguza joto la injini, ya kuchanganya na maji ya rejeta. Ya kwanza aliimimina kabla ya safari ya Iringa. Mlima Kitonga aliupanda, lakini alifika Ilula sindano ya joto imekaribia alama nyekundu, akapaki kando mpaka injini ikapoa. Anaamini chupa moja haikutosha.

Kama dawa hii inatibu gari linalochemsha: hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili, na nalijibu kwa kirefu kila mara, kwa sababu watu wanatoa pesa yao na injini zinaendelea kuungua huku wakiamini wamezitibu.

Dawa yenyewe si uongo. Ndani ya silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, hasa kuzunguka valvu za kutolea moshi, chuma kinapata moto mkali hadi maji yanayokigusa yanatoa vijipovu vya mvuke. Vikizidi na kung'ang'ania pale, joto linakwama, maana mvuke haubebi joto kama maji yanavyolibeba. Dawa inapunguza mvutano wa uso wa maji, vijipovu vinabanduka upesi na maji yanarudi kushika chuma. Madereva wa mashindano wanaitumia kweli. Viwanja vingi vya mbio vinakataza kulanti yenye glaikoli, kemikali yake ya kuzuia kuganda, kwa kuwa ikimwagika kwenye lami inateleza vibaya, hivyo wao wanajaza maji na kuongeza dawa. Na wanaoitengeneza wanakiri kwamba inaonekana zaidi kwenye maji matupu. Ukishakuwa na mchanganyiko wa nusu maji nusu kulanti, faida inapungua.

Nikamwambia mzee: dawa hii inasaidia joto litoke kwenye chuma liingie kwenye maji. Kulitoa kwenye maji liende hewani ni kazi ya rejeta na feni, na hapo dawa haina la kufanya. Gari kuukuu linapochemsha, mara nyingi ugonjwa uko hapo hapo.

"Basi pima nione," akasema, akavuta kiti.

Saa 1:40 asubuhi

Nina kile kipimajoto cha kulenga kwa mkono. Ukikielekeza kwenye chuma kinachong'aa kinadanganya, kinasoma chini ya ukweli, kwa hiyo nabandika vipande vya selotepu nyeusi ya umeme pale ninapotaka kupima: shingo ya hozi ya juu, shingo ya hozi ya chini, na sehemu kadhaa za uso wa rejeta. Tukawasha gari, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, tukaliacha lisimame likiunguruma.

Themostati ya gari hili, ile valvu inayoruhusu maji yaende kwenye rejeta yakishapata moto, inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Hili nalo wengi hawalijui: mfumo ukiwa mzima, themostati ndiyo inayoamua injini isishuke chini ya hapo. Hata umimine chupa kumi, gari zima halitakwenda kwenye nyuzi 70, na halitakiwi kwenda huko, kwa sababu injini ya baridi inakula mafuta, na pete za pistoni na silinda zinalika.

Dakika ishirini baadaye shingo ya juu ilisoma 98. Pembeni mwa rejeta, kulia na kushoto, 86. Nikashuka katikati upande wa chini: 49. Mzee akaniomba nirudie, nikarudia, namba ikawa ile ile.

"Hapo pamepoa vizuri," akasema kwa furaha.

"Hapo hapapiti maji, mzee. Mirija imeziba. Maji ya moto yote yanalazimika kupita kwenye mirija michache iliyobaki."

Nikachomoa waya wa swichi ya joto ya feni, ufunguo wa gari ukiwa kwenye ON. Kwenye Toyota za umri huu, waya ukikatika feni inazunguka muda wote, wameitengeneza hivyo kusudi ili hitilafu isiue injini. Ikazunguka kwa nguvu. Feni ni nzima. Gari lilipopoa nikaufunga mfuniko kwenye pampu ya kupimia. Umeandikwa 0.9, maana yake unatakiwa kushikilia shinikizo la karibu bar 0.9 juu ya lile la hewa. Wa mzee uliachia kabla ya kufika 0.5, mpira wake umekauka na kupasuka.

Mfuniko ni kitu kidogo ambacho watu wanakidharau. Hapa Morogoro, mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 98 hivi. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500, yanachemka kwenye 95. Mfuniko mzima wa 0.9 unasogeza kiwango hicho hadi zaidi ya 115. Gari linalopanda Kitonga na mfuniko mbovu linapoteza kinga yake pale pale linapoihitaji.

Saa 3:00 asubuhi

Rejeta imeshuka. Bahati nzuri ilikwisha kubadilishwa zamani, hii ni ya kopa, yaani shaba, kwa hiyo inafunguka. Tuliyeyusha lehemu ya tangi la juu kwa moto, tukalinyanyua. Mzee akainama kuangalia. Safu ya katikati ya mirija ilikuwa imejaa ukoko mweupe wenye rangi ya kutu, kama ule wa chini ya birika, na mingine ilikuwa na vidonge laini vya kahawia vya dawa ya kuziba vujo. Aliwahi kuitumia, akakumbuka, na kabla ya hapo kuna aliyemwekea bizari, nayo ya kuziba vujo.

Dawa ya kuziba vujo haina macho. Inaziba tundu linalovuja na inaziba mrija mwembamba usiovuja. Ikikuokoa porini usiku, sawa, lakini ukifika mjini isafishwe na tundu lichomelewe.

Ukoko ule unatokana na maji ya kisima. Maji yenye chokaa yakipata moto yanaacha chokaa kwenye kuta, na chokaa inapitisha joto kwa udhaifu mkubwa ukilinganisha na kopa. Kutu inatoka kwenye bloku ya chuma, kwa sababu mzee miaka yote ametia maji matupu yasiyo na kinga. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Tanzania hatuhitaji kulanti kwa kuwa hatuna barafu. Ni kweli, kuganda hakutuhusu, na ni kweli pia kwamba maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko mchanganyiko: kilo moja ya maji inachukua kilojuli 4.2 hivi kwa kila nyuzi moja, mchanganyiko wa nusu kwa nusu kama 3.5. Lakini faida hiyo unaipata siku chache tu, halafu kutu na chokaa vinaila yote. Kulanti ndiyo inayobeba kinga ya kutu kwa chuma, kwa alumini ya hedi na kwa kopa.

Kijana akaanza kupitisha bapa jembamba la chuma mrija mmoja mmoja, taratibu. Tindikali ya betri, ambayo wengine wanasafishia rejeta, hatuigusi gerejini kwetu.

Saa 5:00 asubuhi

Land Cruiser mkonga, dizeli, imetoka shambani Kilosa. Huyu naye alishamimina dawa, na kulanti yake ilikuwa safi kabisa. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, nikasukuma feni kwa kidole: ikazunguka yenyewe kama haina kazi. Klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke na injini, imemwaga oili yake ya silikoni, utaona weusi wa mafuta umetapakaa usoni mwake. Feni inazunguka lakini haivuti hewa ya kutosha. Kazi ya saa moja, akaondoka.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage wa haraka, maana Hiace ya abiria imekuja na konda ana haraka kuliko dereva. Inachemsha mlimani tu, tambarare haina shida. Fundi fulani alitoa themostati "ili maji yapite vizuri." Ushauri huu umeenea kila mahali na unaniumiza moyo. Kwa injini nyingi za Toyota za enzi hizo, themostati ina kifuniko cha pili ambacho injini ikipata moto kinafunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Nikaweka themostati mpya. Kabla ya kuifunga niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto mbele yao, waione inavyofunguka na jinsi kifuniko cha chini kinavyoshuka.

Saa 9:15 alasiri

Rejeta ya mzee imerudi, imechomelewa, imejaribiwa kwa hewa ndani ya beseni la maji, haina hata povu. Mfuniko mpya. Injini tumeisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Nimejaza maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi, pamoja na kulanti; upepo tumeutoa kwa kuliacha gari liungurume bila mfuniko, hita ikiwa wazi, tukiongeza kidogo kidogo.

Tukatoka naye barabara ya Iringa hadi Sangasanga na kurudi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na jua likiwa kali. Niliposimama nikapima kwenye selotepu zile zile. Juu 90, feni inawaka na kuzima yenyewe. Uso wa rejeta hauna tena sehemu ya 49, joto linashuka sawasawa kutoka juu kwenda chini.

"Na hii chupa?"

"Muhuri haujavunjwa, mzee. Irudishe dukani. Kulanti uliyonayo inakutosha, na kuchanganya dawa mbalimbali usizojua zimetengenezwa na nini si vizuri."

Angekuwa anatumia maji matupu kwa lazima, na rejeta ni safi, na feni na mfuniko ni vizima, ningemruhusu aimimine. Baadhi ya dawa hizi zina kinga ya kutu, na hiyo peke yake ni afadhali kuliko maji tu. Ila katika hali hiyo gari lake lisingekuwa linachemsha.

Saa 11:40 jioni

Simu kutoka Ruaha Mbuyuni. Dereva wa Noah, mteja wangu wa zamani, gari limechemsha kabla hajaanza kupanda Kitonga, na kwenye kituo cha mafuta kuna mtu anamuuzia chupa.

Nikamuuliza mambo kwa mpangilio: feni inazunguka? Inazunguka. Hozi zote kavu? Kavu. Kiwango cha maji asubuhi kilikuwaje? Kimepungua, na jana aliongeza. Unaona mapovu kwenye tangi la akiba injini ikiunguruma? Anayaona, mengi, mfululizo.

Hapo nilijua inawezekana gasketi ya silinda hedi imeachia, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Hapa nina dawa ya kupimia hilo, maji ya bluu yanayogeuka manjano yakikutana na gesi hiyo, lakini yeye yuko mbali.

"Usinunue kitu, kaka, na Kitonga usiipande leo. Liache lipoe kabisa, usimwagie maji ya baridi injini ya moto, hedi itapinda. Lala hapo Mbuyuni, kesho asubuhi tafuta wa kukuvuta uje huku. Nitakuwa na kipimo tayari."

Akakubali. Nikamwambia kijana aweke ile chupa ya bluu mbele kwenye rafu, tutaanza nayo kesho.