Kupanga ngoma za MIDI: nguvu ya pigo na nafasi yake

Mtu akisikia ngoma zake za kompyuta zimekaa kikavu, kitu cha kwanza anachofanya ni kutafuta sampuli nyingine, yaani sauti za ngoma zilizorekodiwa. Anapakua kiki mpya (ngoma nzito ya chini), sneari mpya (ngoma yenye mlio mkali), folda juu ya folda, na biti inabaki vilevile. Mara nyingi sampuli hazina kosa lolote. Kosa liko kwenye noti za MIDI, yaani amri zinazoiambia kompyuta ipige sauti ipi, lini na kwa nguvu gani: zote zina nguvu moja, na zote zimekaa juu ya mstari wa gridi inayogawa muda, bila kusogea. Hayo yanarekebishika ndani ya FL Studio, REAPER, Ableton Live au programu yoyote ya kutengenezea muziki uliyonayo, bila kununua kitu.

Tuchukue biti moja ya Bongo Fleva ya kucheza, tempo 100 (mapigo 100 kwa dakika), kipimo kimoja chenye mapigo manne, kila pigo hatua nne, jumla hatua 16. Kiki iingie hatua ya 1, 5, 9 na 13. Sneari iingie ya 4, 7, 12 na 15. Hai-hati (toazi mbili zinazogongana) iliyofungwa iingie ya 3, 7 na 11, na ya 15 iwe hai-hati iliyo wazi. Sheka ipige zote 16.

Kabla ya kuchora chochote, hakikisha kila sauti iko kwenye noti yake. Katika General MIDI, mpangilio wa kawaida wa namba za sauti, kiki ni noti ya 36, sneari 38, hai-hati iliyofungwa 42, iliyo wazi 46. Fuata namba, usifuate herufi. Noti ya 36 inaitwa C1 ndani ya Ableton Live, C2 ndani ya REAPER, na C3 ndani ya FL Studio. Ukiambiwa uweke kiki C1 nawe uko FL Studio, utaangukia noti ya 12, na seti nyingi za ngoma hazina sauti yoyote huko chini.

Sasa velositi, yaani nguvu ya pigo, inayopimwa kuanzia 1 hadi 127. Anza na sheka, kwa sababu ndiyo inayopiga mara nyingi kuliko zote na ndiyo inayofichua mashine haraka. Mkono unaotikisa sheka au kayamba huenda mbele kwa nguvu na kurudi kwa wepesi, kwa hiyo hatua nne za pigo moja ziandike 80, 42, 62, 46, kisha rudia hivyo hadi mwisho wa kipimo. Kiki iwe 115 kwenye hatua ya 1, 98 ya 5, 110 ya 9, 98 ya 13. Sneari ya 4 na ya 12 iwe karibu 90, ya 7 na ya 15 ifike 108, maana hizo za pili ndizo mwili wa msikilizaji unazozisubiri. Ongeza sneari moja hafifu hatua ya 16, velositi 35 tu. Haitasikika peke yake, lakini ukiifuta utaona kipimo kinachofuata kinaingia bila kusukumwa.

Jaribu pia kama ala yako inaijali velositi. Chora noti mbili za sneari, moja 30 na nyingine 120. Ikiwa kinachobadilika ni sauti kupanda na kushuka tu, unatumia sampuli moja. Tafuta seti iliyorekodiwa kwa tabaka kadhaa za nguvu, au fanya velositi ifungue kichujio kidogo ili pigo jepesi liwe pia na giza kidogo, yaani ukali wa mlio upungue.

Kwenye nafasi ndiko watu wengi wanakoharibu. Tempo 100 ina maana pigo moja ni milisekunde 600 na hatua moja ni 150. Kiki iache kwenye mstari, kwa sababu besi itaifuata. Sneari ya 7 na ya 15 zicheleweshe milisekunde 10 hivi, na zote mbili zichelewe kiasi kilekile. Kwenye programu inayogawa pigo kwa tiki 960, hizo ni tiki 16. FL Studio huanza na tiki 96 kwa pigo, na hapo tiki moja ni milisekunde 6.25, kwa hiyo huwezi kusogeza kwa umakini. Pandisha PPQ (idadi ya tiki kwa pigo) hadi 960 kwenye mipangilio ya mradi, kisha buruta noti huku umeshika Alt ili isidakwe na gridi.

Kitufe cha kutawanya noti kibahati-bahati usikiguse. Mpigaji mzuri akichelewesha sneari, anaichelewesha hivyo hivyo kila kipimo, na huko ndiko utamu unakotoka. Bahati nasibu inatoa mpigaji asiyejua wimbo.

Hai-hati iliyo wazi lazima ikatwe na iliyofungwa inayofuata, kwa kuwa ni toazi zilezile mbili. Ndani ya FL Studio fungua mipangilio ya chaneli, uweke Cut 1 na By 1 kwa zote mbili. Bila hivyo mlio wa hatua ya 15 utaendelea kuvuja juu ya kipimo kinachofuata na kuchafua sauti ya mwimbaji.

Ukipiga kwa pedi badala ya kuchora, punguza bafa kwanza, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kabla ya kukitoa; hapa sampuli ni vipimo vidogo vidogo vya sauti, si sauti za ngoma. Bafa ya sampuli 512 kwa 44.1 kHz inachelewesha milisekunde 11.6, ya 128 inachelewesha 2.9. Baada ya kurekodi, kwantaiza, yaani vuta noti kuelekea mstari wa gridi, kwa asilimia 70 hivi, usifike 100. Ukirekodi huku kipimo kikijirudia na kila mzunguko ukiongeza noti, kagua noti zilizolaliana: kiki mbili mahali pamoja hutoa sauti nene isiyoeleweka, na ni vigumu kuziona kwa macho.

Anayetaka chakacha, mdundo wa ngoma wa pwani, abadilishe kipimo kiwe 6/8 kwanza, maana gridi ya hatua 16 haitampa. Weka gridi ya sehemu sita. Mahali rahisi pa kuanzia ni ngoma nzito kwenye 1 na 4, na ngoma nyembamba kwenye 1, 3 na 5, ili mbili na tatu zivutane. Angalia tempo: programu nyingi huhesabu kwa noti ya robo, wakati mguu wako unahesabu mapigo mawili kwa kipimo. Ukitaka mapigo 80 ya mguu kwa dakika, andika 120.